Kuweka lebo kwenye vigeu na kuandika maelezo katika faili la amri la Stata

Stata ni programu ya kuchambua takwimu; kigeu ni safu moja ya data, na faili la amri (do-file) ni faili la maandishi linalohifadhi amri za Stata. Kwa mfano wetu tuchukue dodoso la kubuni kuhusu maji katika kaya za Bukavu, ambamo q3 ni komine anamoishi mhojiwa na q7 ni fedha anazolipia maji. Atakayelifungua faili la data la dodoso hilo mwakani ataona 20 kwenye q7, asijue kama ni dola au maelfu ya faranga, wala kama ni ya wiki au ya mwezi.

Hatua ya 1. Kipe kigeu lebo, na usikose kutaja kipimo na kipindi:

label variable q7 "Gharama ya maji kwa mwezi, dola"

Lebo haizidi herufi 80, hivyo swali lenyewe, jinsi lilivyoulizwa, liandikwe kwa amri ya notes.

Hatua ya 2. Zipe thamani majina, kisha uyaunganishe na kigeu:

label define komine_lb 1 "Ibanda" 2 "Kadutu" 3 "Bagira"
label values q3 komine_lb

Ukiusahau mstari wa pili, Stata haitalalamika, ila majedwali yataendelea kuonyesha 1, 2 na 3.

Hatua ya 3. Andika maelezo. Nyota huanza mstari mzima wa maelezo. Mikwaju miwili, ikitanguliwa na nafasi, hufuata amri. Mikwaju mitatu huiendeleza amri kwenye mstari unaofuata. Hayo hujifunzwa upesi. Kazi iko katika kujua la kuandika, kwa sababu maelezo yanayorudia amri hayamsaidii mtu. Linganisha (.a ni alama ya Stata ya jibu linalokosekana):

replace q7 = .a if q7 == -99 // badilisha -99
replace q7 = .a if q7 == -99 // alikataa kujibu; asiyejua ni -98

Mstari wa kwanza unasema kile ambacho amri imekwisha kusema, ilhali wa pili unatoa sababu, ambayo haipatikani popote pengine ndani ya faili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini -99 na si 99?
Jibu: Kwa sababu kaya inaweza kweli kulipa dola 99, lakini haiwezi kulipa kiasi hasi.

Swali: Nimeandika if q3 == "Kadutu", nikapata kosa.
Jibu: Ndugu, q3 bado ni namba, lebo hubadilisha kinachoonekana tu. Andika if q3 == 2. Amri ya numlabel komine_lb, add itakuonyesha namba na jina pamoja.

Swali: Lebo zangu za Kifaransa zina alama za ajabu mahali pa é.
Jibu: Bila shaka faili lilitengenezwa kabla ya toleo la 14, la mwaka 2015, ambalo ndilo lililoanza kutumia Unicode, yaani mfumo mmoja wa herufi za lugha zote. Tunza nakala, kisha tumia unicode translate.

Swali: Nikihamishia data kwenye CSV (faili la maandishi matupu, thamani zikitenganishwa kwa mkato), lebo zitabaki?
Jibu: Lebo za vigeu hupotea. Kwa export delimited, majina ya thamani huandikwa mahali pa namba, isipokuwa ukiongeza nolabel. Ndiyo maana lebo zote ziandikwe ndani ya faili la amri, zipate kurudishwa wakati wowote.