Kuchagua Ekzosi ya Subaru ya Turbo Itakayopita Ukaguzi

Mwenye Subaru Impreza WRX anapoamua kubadilisha ekzosi, mara nyingi huanza na sauti, kisha hutazama bei, na suala la ukaguzi hulikumbuka siku gari linaporudishwa. Ni afadhali aanze na ukaguzi, kwa kuwa ndio unaoamua ni sehemu gani ya mfumo inayoweza kuguswa bila matatizo. Moshi hutoka kwenye mikono ya ekzosi, yaani mabomba yaliyofungwa kwenye injini, ukapita kwenye turbo, ukashuka kwa bomba liitwalo downpaipu lenye masega (kifaa cha kusafisha moshi, catalytic converter), kisha ukafuata bomba la kati hadi sailensa ya nyuma. Kila hatua unayosogea kutoka nyuma kwenda mbele ya gari huongeza nguvu unayoweza kupata, lakini pia huongeza uwezekano wa kukataliwa.

Sehemu salama zaidi kubadilisha ni ile iliyo nyuma ya masega, ambayo mafundi huiita katibaki. Haigusi usafishaji wa moshi, hufungwa kwa bolti kwenye flanji za asili, na ikikuchosha unaweza kurudisha ya zamani kwa mchana mmoja. Kwa injini ya turbo ya lita 2.0 au 2.5, bomba la milimita 76 hufaa, kwa sababu turbo hupenda moshi utoke bila kizuizi. Kwa Impreza isiyo na turbo, bomba pana kiasi hicho hupunguza mwendo wa moshi na kulifanya gari liwe zito kwenye mizunguko ya chini. Mwenye gari hilo atakuwa amenunua kelele tu.

Masega yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwani ndiyo yanayoponza wengi. Ndani yake mna madini ya platini, paladi na rodi, ambayo hugeuza kaboni monoksidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni kuwa kaboni dayoksidi, maji na naitrojeni. Madini hayo yana thamani kubwa, na ndiyo maana fundi anayejitolea kuyakata bure huwa hakufanyii hisani. Yakiondolewa, moshi hunuka petroli, kipimo cha gesi hupanda, na katika magari yenye sensa ya oksijeni nyuma ya masega taa ya injini huwaka. Kuna na hatari isiyoonekana: moshi unapotoka kwa urahisi kuliko kompyuta ya gari ilivyotarajia, presha ya turbo inaweza kupanda kupita kiwango na kuharibu pistoni. Kwa hiyo anayetaka downpaipu mpya achague yenye masega ya matundu mapana, na kompyuta ipangwe upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, asiyetegemea sikio peke yake.

Ekzosi nyingi nzuri za Subaru zinazouzwa Afrika Mashariki, mpya na zilizotumika, zimetoka Japani, na sheria za huko zinakupa njia rahisi ya kuzipambanua. Katika ukaguzi wa Japani uitwao shaken, kinasa sauti huwekwa sentimita 50 kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikizunguka kwa asilimia 75 ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu kabisa. Gari dogo la kisasa lenye injini mbele halikuruhusiwa kuzidi desibeli 96, ingawa kwa magari mapya zaidi kipimo hulinganishwa na ekzosi ya asili. Magari yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 2010 yanatakiwa kufungwa sailensa iliyothibitishwa, na kizibo cha kupunguza sauti kinachoweza kuchomolewa hakikubaliki. Tafuta basi bamba la JASMA (chama cha watengenezaji wa sailensa za Japani) au la uthibitisho lililofungwa kwenye sailensa yenyewe, kisha hakikisha msimbo wa gari ulio kwenye cheti, kama GDB, GRB au VAB, ni wa gari lako. Stika peke yake haithibitishi kitu. Mimi huihesabu kama pambo.

Bamba hilo halikuvushi moja kwa moja kwingine. Nchini Kenya, kanuni za kelele za 2009 zinakataza gari linalotoa sauti kubwa isiyo ya kawaida na kuzidi desibeli 84 linapoongeza kasi. Usiilinganishe namba hiyo na 96 ya Japani, kwa sababu moja hupimwa gari likiwa limesimama na kinasa kikiwa karibu, na nyingine gari likiwa linaongeza mwendo. Bamba linakuonyesha tu kwamba mtengenezaji aliwahi kupimwa na mtu mwingine.

Wanaofuata ule mngurumo wa Subaru wajue kwamba hautoki kwenye sailensa. Hutokana na mikono ya ekzosi isiyolingana urefu. Matoleo mengi ya Japani yenye turbo ya njia mbili (twin-scroll) yana mikono inayolingana, nayo hayatanguruma hata ukinunua sailensa ya bei gani.

Kuhusu malighafi, chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kinatosha. Titani ni nyepesi, lakini ikipasuka kwenye tuta, fundi wa kuichomelea ipasavyo ni adimu. Tuta lenyewe ndilo kipimo kingine: Japani hutaka nafasi ya sentimita 9 chini ya gari, nami kwa barabara zetu nisingekubali pungufu ya hapo.

Kabla ya kwenda kukaguliwa, badilisha gasketi zote zilizofunguliwa, kagua mipira ya kuning'inizia, na uzibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache injini ikiwa baridi na ikizunguka polepole. Mlio wa "tss" kwenye kiungo ni mvujo. Kisha endesha gari dakika 20 hivi kabla ya kufika, kwani masega hayafanyi kazi sawasawa hadi yafikie takriban nyuzi 300 za joto, na ukikuta foleni ndefu usizime injini. Ekzosi ya asili ipake mafuta kwenye flanji na uihifadhi mahali pakavu pamoja na bolti zake.