Kugeuza uzoefu wa kazi kuwa kozi ya kulipwa mtandaoni

Kosa linalowagharimu wengi ni kuanza na kamera. Mtu mwenye miaka 15 kwenye uhasibu ananunua maikrofoni na taa, anarekodi saa 20 za video anazoziita “Uhasibu Kamili”, halafu hapati wanunuzi. Video zenyewe huenda ni nzuri, ila mnunuzi haoni ataweza kufanya nini akizimaliza. Anza na kazi moja ndogo ambayo mwanafunzi ataifanya mwenyewe mwisho wa kozi, tena kazi ambayo ikiharibika inamletea hasara au lawama. “Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki hadi kila tofauti ijulikane chanzo chake” inatosha kuwa kozi. “Misingi ya uhasibu” ni pana mno.

Ili uipate kazi hiyo, zungumza na watu 10 walio katika hatua uliyopitia miaka michache nyuma. Usiwaulize kama wangependa kozi, kwa sababu watakubali kwa adabu tu. Waulize mara ya mwisho walikwama wapi, walimwendea nani, na walipoteza muda gani. Jambo likijirudia kwa wanne au watano, umepata pa kuanzia.

Kuutoa ujuzi kichwani

Hapa ndipo pagumu, na ndipo thamani ya kozi ilipo. Aliyezoea kazi hufanya maamuzi mengi bila kujua kwamba anaamua, kwa hiyo akifundisha huyaruka. Chukua mfano wa kulinganisha hesabu za benki. Kitabu kitakwambia utafute hundi ambazo hazijawasilishwa na makato ya benki. Mhasibu mzoefu, hata kabla ya kuzigusa hundi, huitazama tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, anashuku tarakimu zimepinduliwa: 450 imeandikwa 540, tofauti ni 90. Isipogawanyika, anaigawa kwa 2 na kutafuta kiasi hicho daftarini, kwa sababu kiasi kilichoingizwa debiti badala ya krediti, yaani upande usio wake wa daftari, huzaa tofauti mara mbili yake. Mambo mawili hayo yanaokoa saa nzima ya kuhangaika, na mwenye kuyajua mara nyingi hayataji kwa sababu anadhani kila mtu anayajua.

Njia ya kuyanasa ni hii. Fanya kazi yako kwa kawaida huku ukisema kwa sauti unachokitazama na unachokiacha, na sauti ijirekodi. Siku ya pili sikiliza. Kila uliposema “hapa naona kuna shida”, simamisha na uandike: nimejuaje? Rudia kwa kazi tatu tofauti: moja rahisi, moja ya kawaida na moja iliyoharibika. Majibu ya “nimejuaje” ndiyo masomo yako. Yapange kwa mfuatano wa kazi yenyewe, wala usiyapange kwa sura za kitabu cha chuo.

Usitumie nyaraka za mwajiri au mteja, hata ukifuta majina. Tarehe na viasi pekee vinaweza kumtambulisha mtu. Tengeneza data ya mazoezi upya kabisa na utie makosa humo kwa makusudi. Soma pia mkataba wako wa ajira: baadhi ya mikataba humpa mwajiri haki juu ya kile unachotengeneza, au hukataza biashara ya pembeni.

Kundi la kwanza: watu 6, mubashara

Usirekodi bado. Fundisha watu 6 hadi 8 moja kwa moja mtandaoni, vipindi 4 vya dakika 75, kimoja kwa wiki. Dakika 15 za mwanzo pitieni kazi za nyumbani, 25 onyesha, 25 wafanye wao huku wakikuonyesha skrini zao, 10 za mwisho maswali. Dakika 25 za wao kufanya ndizo walimu wapya hukimbilia kuzikata muda ukibana. Msizikate, kwani bila hizo hutaona wanapokosea.

Ada ipigiwe hesabu kwa saa zako. Kila kipindi chukulia saa 1.25 za kufundisha, 3 za maandalizi, na dakika 20 za kusahihisha kwa kila mwanafunzi, yaani saa 2 kwa watu 6. Jumla ni saa 6.25, mara 4 ni 25. Ongeza 5 za mawasiliano na malipo: 30. Gawa kwa 6, na kila mwanafunzi anabeba malipo ya saa 5 za kazi yako, kabla ya kodi na makato ya mfumo wa malipo. Unaweza kuwapunguzia kundi la kwanza, lakini usiwafundishe bure. Asiyelipa huahirisha kazi za nyumbani kwa urahisi, na ukimya wake hautakuonyesha kama somo ni baya au hakulifungua. Pokea malipo kabla ya kuandaa somo la pili. Wasipofika watu 4, rudisha fedha na ubadilishe kazi uliyochagua.

Wengi wakianza kukosekana wiki ya pili, chunguza kazi ya nyumbani ya kwanza. Kwa kawaida ni kubwa mno; isizidi dakika 40.

Ndipo urekodi

Baada ya makundi mawili utajua maswali yanayorudi. Rekodi video za dakika 5 hadi 10, kila moja na kitendo kimoja, ili menyu ya programu ikibadilika urekebishe kipande kimoja tu. Sauti ina uzito kuliko picha. Weka maikrofoni sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiigonge, na vilele vya sauti vibaki kati ya -12 na -6 desibeli kwenye kipimo cha programu ya kurekodia. Chumba kikirudisha mwangwi, tundika mablanketi mazito.

Pima pia uzito wa faili. Video ya megabiti 5 kwa sekunde hula takriban megabaiti 375 kwa dakika 10. Sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde hula chini ya megabaiti 5 kwa muda huohuo. Toa zote mbili, pamoja na karatasi ya hatua, kwa sababu anayelipia intaneti kwa kipimo ataacha kozi kabla hajakulalamikia. Hata baada ya kurekodi, bakiza kipindi kimoja cha mubashara kila mwezi, na kila swali linaloulizwa mara tatu humo lipewe video yake.