Somo: Kupima gesi za damu, kuanzia sirinji hadi elektrodi

Katika gesi za damu mashine hupima mambo matatu tu: pH (kipimo cha asidi), shinikizo la kaboni dioksidi (pCO2) na shinikizo la oksijeni (pO2). Bikaboneti (kemikali ya damu inayopunguza makali ya asidi) inayochapishwa pamoja nayo huwa imekokotolewa kutokana na pH na pCO2. Majibu mengi ya ajabu huanzia kwenye sirinji kabla damu haijafika kwenye elektrodi (vihisi vya umeme ndani ya mashine), ndiyo maana hatua za mwanzo zinahitaji uangalifu kuliko zote.

Hatua ya 1. Tumia sirinji yenye heparini kavu (dawa inayozuia damu kuganda). Heparini ya maji ikibaki nyingi huizimua damu, na pCO2 pamoja na bikaboneti hushuka bila mgonjwa kubadilika.

Hatua ya 2. Kabla ya kuchoma ateri ya radiali (mshipa wa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba), hakikisha kiganja kinapata damu pia kupitia ateri ya alna (ya upande wa kidole kidogo). Andika kiwango cha oksijeni anachopewa mgonjwa, kwa sababu pO2 isiyoambatana nacho haitafsiriki. Ukishachomoa sindano, kandamiza kwa angalau dakika 5.

Hatua ya 3. Toa mapovu mara moja, kisha ziba sirinji. Hewa haina kaboni dioksidi ya kutajika, kwa hiyo povu hushusha pCO2 na kupandisha pH. pO2 nayo huvutwa kuelekea ile ya hewa, yaani hupanda kwa mgonjwa mwenye oksijeni kidogo na hushuka kwa anayepewa oksijeni nyingi.

Hatua ya 4. Pima ndani ya dakika 30. Chembe za damu huendelea kutumia oksijeni na kuzalisha asidi hata zikiwa ndani ya sirinji.

Hatua ya 5. Changanya damu kwa kuviringisha sirinji, tupa tone la kwanza, kisha ingiza sampuli. Ndani ya mashine damu hupashwa hadi nyuzi 37. Elektrodi ya pH ni ya kioo, na volti yake hubadilika kwa takriban milivolti 61 kwa kila kipimo kimoja cha pH. Elektrodi ya kaboni dioksidi, iliyobuniwa na Richard Stow na kuboreshwa na John Severinghaus katika miaka ya 1950, kimsingi ni elektrodi ya pH iliyofunikwa kwa utando: gesi hupenya, huyeyuka katika maji ya bikaboneti na kuyaongezea asidi. Ile ya oksijeni, kazi ya Leland Clark, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa, kwani hupokea volti ndogo na kupima mkondo wa umeme unaotokea oksijeni inapopokea elektroni kwenye platini. Protini zikiganda juu ya utando, jibu huchelewa au hupotoka.

Hatua ya 6. Hakiki jibu. Wengi hufundishwa kuzidisha 24 kwa pCO2, kugawanya kwa bikaboneti ili kupata kiwango cha ioni za hidrojeni, na kukilinganisha na pH. Hesabu hiyo hufichua kosa la kunakili, lakini haiwezi kufichua elektrodi mbovu, maana bikaboneti imetokana na namba zilezile. Ni afadhali kulinganisha na oksimita ya kidoleni (kifaa kinachopima oksijeni ya damu kupitia ngozi), na bikaboneti iliyopimwa maabara, na hali ya mgonjwa mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali: Niko Mbeya. Je, pO2 ya kawaida ya 80 hadi 100 mmHg inatuhusu?
Jibu: Hapana, si kwa ukamilifu. Pwani shinikizo la oksijeni katika hewa unayovuta ni karibu 150 mmHg, lakini kwenye mwinuko wa mita 1,700 kama wa Mbeya ni karibu 120. Mtu mzima mwenye afya atasoma chini zaidi, na mashine haijakosea.

Swali: Damu ya vena inafaa?
Jibu: Kwa pH inafaa, kwani kwa kawaida tofauti ni ndogo, takriban 0.03. pCO2 ya vena huwa juu kidogo, na tofauti huongezeka sana mgonjwa akiwa katika mshtuko (damu isiposambaa vya kutosha mwilini). Usiitumie kupima oksijeni.

Swali: Kwa nini pO2 hupanda kupita kiasi kwa wagonjwa wa upasuaji waliopewa halotani (gesi ya usingizi)?
Jibu: Halotani nayo inaweza kupokea elektroni kwenye platini, na elektrodi haina namna ya kutenganisha mikondo hiyo miwili. Mwarifu anayesoma mashine kabla hujapeleka sampuli.