Ukiletewa utafiti wa dawa kwa WhatsApp, usome hivi kabla hujagusa tembe zako

Shangazi yangu yuko Kisauni, alitolewa tezi ya shingo miaka kadhaa nyuma, lile rovu lilikuwa limefura mpaka kumeza tonge ni kazi, na tangu siku hio ni kidonge kimoja cha homoni ya tezi hio, yaani thairoidi, kila asubuhi mpaka mwisho wa uhai wake. Sasa mwaka jana kwa grupu ya familia ikaingia fowadi yasema wanasayansi wa Lithuania wamethibitisha kwamba dawa ya thairoidi mnayomeza ni nusu ya dawa tu, hio nusu nyengine mwafichwa, na chini yake namba ya simu ya mtu auzaye tembe za "tezi asilia". Shangazi hakuuliza mtu. Akakata kidonge chake nusu, akaongeza zile za kununua, wiki chache baadae moyo wamwenda mbio, usingizi hakuna, mikono yatetemeka mpaka kikombe cha kahawa chamwagika. Tulivyompeleka kupimwa damu ikaonekana homoni imepanda kupita kiasi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki, utafiti wenyewe upo. Si uongo mtupu. Ingekuwa uongo mtupu ningesema tu jamani futeni hio kitu tuendelee, lakini ni ukweli uliokatwa vipande ukachukuliwa kile kipande kinachouza. Kwa hivyo nilikaa chini nikautafuta nikausoma, na nataka niwaonyeshe nilivyofanya ili siku ikiingia kwako ujue pa kuanzia, hata kama wewe si daktari, maana mimi pia si daktari.

Mwanzo kabisa tafuta utafiti wenyewe, usisome habari ya utafiti. Fowadi, skrinshoti, video ya mtu amevaa koti jeupe, zote hizo weka kando. Ingia PubMed, maktaba ya tafiti za udaktari mtandaoni, ni bure, andika jina la ugonjwa au dawa kwa Kiingereza halafu ongeza Lithuania au jina la mji, yaani Kaunas au Vilnius, kwa sababu watafiti wengi wa afya huko wako miji hio miwili. Vilnius kuna chuo kikuu cha tangu 1579, Kaunas kuna chuo chao kikuu cha sayansi za afya. Wana hata jarida lao la udaktari laitwa Medicina, la tangu 1920, na siku hizi lasomwa bure kwa Kiingereza. Kila utafiti kwa PubMed una muhtasari wa aya moja hivi juu, hio aya hulipii. Na ukiona juu yake wameandika kwamba utafiti umeondolewa, yaani jarida lenyewe limeukana, basi funga simu hapo hapo, safari imeisha.

Ule wa shangazi niliupata kwa njia hio. Ulitoka 1999 katika New England Journal of Medicine, jarida kubwa la Marekani, na aliyeuongoza ni Robertas Bunevičius wa Kaunas. Angalia mwaka kwanza! Fowadi ilisema "wamegundua juzi", kumbe ni jambo la tangu 1999, na dunia haikulala miaka yote hio, nitakuja hapo.

Baada ya mwaka, tafuta idadi ya watu. Hapa ndo pana utamu wote kwa hivyo nitakaa kidogo. Walikuwa wagonjwa 33. Thelathini na watatu, hawajazi hata matatu tatu za Bamburi, basi. Si kwamba watu 33 ni bure, la, utafiti mdogo uliofanywa vizuri ni mwanzo mzuri, lakini ni mwanzo. Na huu ulifanywa vizuri, nawapa haki yao. Kila mgonjwa alipitia vipindi viwili vya wiki tano tano, kipindi kimoja akinywa thairoksini yake ya kawaida, ile waiitayo T4, kipindi chengine wanamtolea mikrogramu 50 za hio T4 na badala yake wanampa mikrogramu 12.5 za homoni nyengine, T3. Tezi yako ikiwa nzima hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo, halafu mwili wenyewe huigeuza T4 kuwa T3 ambayo ndo hasa yafanya kazi ndani ya seli, kwa hivyo swali lao lilikuwa la maana kabisa, je tukiwapa zote mbili watajihisi vizuri zaidi? Matokeo yake, katika vipimo 17 vya akili na hisia, 6 vilikuwa bora wakiwa kwa mchanganyiko. Walivyoulizwa mwisho wapenda ipi, 20 walisema mchanganyiko, 2 wakasema ile ya kawaida, 11 wakasema kwao ni sawa tu.

Sasa soma tena hapo uone fowadi ilichoficha. Vipimo 6 kati ya 17, si vyote. Watu 11 hawakuona tofauti. Wiki tano tu. Na dozi ilipimwa na madaktari kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu, si tembe za kununua ambazo hakuna ajuaye ndani mna homoni kiasi gani. Mahali popote katika utafiti ule hakuna mgonjwa aliyeambiwa akate dawa yake nusu akiwa nyumbani peke yake. Hio ilitoka kwa muuzaji, haikutoka Kaunas.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka, nayo ni kuuliza: baadae ilikuwaje? Utafiti mmoja ni kama shahidi mmoja kwa kadhi, unamsikiza lakini huandiki hukumu. Kwa PubMed chini ya muhtasari kuna orodha ya tafiti nyengine zilizoutaja huo, shuka polepole, tafuta zile zilizokusanya tafiti nyingi pamoja wakazijumlisha. Nilipata ya 2006, walikusanya majaribio 11 yenye wagonjwa 1,216, wakaangalia uchovu, huzuni, wasiwasi, maumivu ya mwili na hali ya maisha kwa jumla, na hawakuona kwamba mchanganyiko washinda T4 peke yake. Halafu 2012 chama cha madaktari wa tezi wa Ulaya wakatoa mwongozo, kwamba ushahidi hautoshi kusema mchanganyiko ni bora, ila mgonjwa ambaye vipimo vyake viko sawa na bado ateseka, daktari mjuzi aweza kumjaribishia kwa uangalizi. Umeona? Mlango haukufungwa, lakini pia si ule mlango ambao muuzaji alikuwa akiuonyesha. Shangazi alipunguziwa maneno mawili tu, "kwa uangalizi", na hayo mawili ndo yaliyomuumiza.

Kuna jambo la pili la kuuliza, nani walipimwa na wanaishi vipi. Lithuania iko mbali kaskazini, wakati wa baridi jua lao ni dhaifu mpaka ngozi yakaribia kutotengeneza vitamini D kabisa, kwa hivyo ukisoma utafiti wao wa vitamini D usikimbilie duka la dawa Mwembe Tayari ukiwa na hesabu ya mtu wa Vilnius. Na usikimbilie upande wa pili pia ukasema sisi Mombasa jua letu la kuchoma twahitaji nini, maana mama akaaye ndani mchana kutwa na akitoka amejifunika buibui, jua lile halimfikii ngozini, na nchi zenye jua kali kama za Ghuba wamepata upungufu huo kwa wingi kwa akina mama. Kwa hivyo swali si "wao ni wazungu sisi ni waswahili", swali ni kile kitu kinacholeta ugonjwa kwao, kwangu kipo au hakipo?

Na umri pia, na uzito, na mimba. Hayo pita haraka lakini usiyaruke, mara nyingi yako kwa mstari wa pili wa muhtasari.

Halafu uliza kazi imefika wapi. Hapa wacha nitoe mfano mwengine wa hao hao Walithuania kwa sababu huu waumiza wengi hapa pwani. Jirani yetu ana kijana wa sikoseli, na siku moja alinijia mbio na simu yuko na furaha, "dawa imepatikana, ni mtu wa Lithuania, watarekebisha damu yake!" Sikutaka kumkata furaha lakini pia sikutaka auze kiwanja. Ni kweli Virginijus Šikšnys wa Chuo Kikuu cha Vilnius alichapisha 2012 kazi iliyoonyesha kwamba protini ya bakteria iitwayo Cas9 yaweza kuelekezwa ikate DNA mahali unapotaka, na 2018 alipewa tuzo ya Kavli pamoja na Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, hao wawili wakaja kuchukua Nobel 2020. Lakini kazi ya 2012 ilikuwa ndani ya kichupa cha maabara, hapakuwa na mgonjwa. Kutoka kichupa mpaka tiba ya kwanza ya sikoseli itumiayo hio Cas9 kuruhusiwa, Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, ni miaka 11. Na tiba yenyewe si sindano ya dakika tano, wanatoa seli mama za damu yako, wanazirekebisha maabara, halafu wakupa dawa kali kama za saratani kusafisha uboho, ndo wazirudishe. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali, hio ni kubwa sana, nilipoisoma nilifurahi kweli. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2.

Kwa hivyo ukisoma, jiulize hii imefika kichupa, panya, watu wachache, watu wengi, au iko hospitalini tayari? Na ukishajua, tafuta kama kuna utafiti wa karibu na nyumbani. Jirani yetu hakujua kwamba hapo Kilifi tu, mwendo wa saa moja na kidogo ukivuka Nyali, kulikuwa na jaribio la haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, lililochapishwa 2019, lilikuwa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, watoto 606 wa mwaka 1 mpaka 10, na wale watoto walipungukiwa na maumivu, na kuongezwa damu, na vifo, na hata malaria. Hio ni dawa ya kumeza kila siku, yahitaji kupimwa damu mara kwa mara, lakini ipo. Nilimwandikia jina la dawa kwa karatasi aende nalo kliniki ya kijana, akaulize kama yamfaa na kwa dozi gani.

Karatasi nayo ina namna yake. Daktari kwenye foleni ya asubuhi hana saa nzima ya kukaa nawe, na ukimwekea simu usoni na video atachoka nawe. Andika jina la utafiti, mwaka, walikuwa watu wangapi, walipewa nini, halafu swali lako moja, kwa mfano: "Vipimo vyangu viko sawa lakini nachoka mchana kutwa, je hili lanihusu?" Beba tembe zako zote, hata za mitishamba, hata zile ulizonunua kwa namba ya WhatsApp, usizifiche kwa haya. Na mpaka siku hio ifike, endelea na dawa yako vile vile ulivyoandikiwa, usipunguze wala usiongeze.

Sisi tulifanya hivyo hivyo. Daktari alisoma karatasi, hakukasirika hata kidogo, akamrudishia dozi yake na zile tembe nyengine akamwambia azitupe. Halafu akamuuliza shangazi swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, hicho kidonge wakinywa na nini? Shangazi akasema na chai ya maziwa na mahamri, halafu na vidonge vya damu hapo hapo ili asisahau. Basi maziwa na vidonge vya chuma vyazuia dawa ya thairoidi kuingia mwilini sawasawa, na huenda uchovu aliokuwa nao, ndo uliomfanya aiamini fowadi, ulianzia hapo mezani. Sasa akisikia adhana ya alfajiri ameza kidonge na maji matupu, chai baada ya saa nzima, vidonge vya damu ni vya mchana, yaani masaa manne kando, na Ramadhani akaulize mapema kama aweza kukimeza usiku tumbo likiwa tupu. Baada ya wiki sita akapimwa TSH tena, kile kipimo cha damu cha kuonyesha kama dozi ya tezi iko sawa.