Pango la chokaa ndani ya glasi: jinsi ya kuonyesha linavyoundwa

Njia iliyozoeleka ya kuonyesha jinsi mapango ya chokaa yanavyoundwa ni kuning'iniza uzi kati ya vikombe viwili vya maji ya magadi, kisha kusubiri kijiti cheupe kining'inie katikati. Umbo linafanana na la pangoni, lakini sababu ni nyingine kabisa. Kijiti cha magadi hutokana na maji kukauka. Ndani sana ya pango hewa ina unyevu unaokaribia asilimia 100, kwa hiyo maji karibu hayakauki. Kinachochimba pango, na kinacholipamba baadaye, ni hewa ya ukaa: ikiingia kwenye maji, jiwe linayeyuka, ikitoka, jiwe linarudi. Jaribio hili linaonyesha yote mawili ndani ya glasi ileile.

Kutayarisha maji ya chokaa

Tumia chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kukutanishwa na maji, ile ya unga. Usiguse kabisa chokaa ambayo haijazimwa, maana ikikutana na maji huchemka kwa ghafla na kuunguza. Hata iliyozimwa hudhuru macho, basi vaa miwani na glavu.

Tia kijiko kimoja cha chai kwenye lita 1 ya maji safi ya baridi, funga chupa, tikisa kwa dakika 2, iache hadi kesho yake. Maji ya moto hayafai: tofauti na chumvi au sukari, chokaa huyeyuka kidogo zaidi maji yakipata joto. Hata kwenye maji baridi lita 1 haiyeyushi hata gramu 2, kwa hiyo sehemu ya unga itabaki chini, na hilo si kosa. Mimina maji maangavu ya juu taratibu, uyapitishe kwenye karatasi ya chujio. Funga chupa vizuri. Ikikaa wazi, maji hunyonya hewa ya ukaa na kutengeneza utando mweupe juu.

Kutengeneza jiwe, kisha kuliyeyusha

Weka mililita 50 za maji hayo kwenye glasi ndefu. Puliza ndani yake kwa mrija kwa nusu dakika. Puliza tu, usivute hata mara moja. Maji yatageuka meupe kama maziwa. Weupe huo ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kinachojenga mawe ya chokaa.

Sasa, bila kuchelewa, ongeza mililita 200 za maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha, ya baridi na yaliyofunguliwa muda huohuo. Koroga polepole. Weupe utafifia, na baada ya dakika chache glasi itakuwa angavu. Jiwe halijapotea; limegeuka kalsiamu bikaboneti, ambayo haionekani ikiwa imeyeyuka majini.

Wengi hukwama hapa kwa sababu hutaka kumaliza kazi kwa pumzi peke yake. Pumzi ina takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa, na maji ya chokaa yaliyokolea yana jiwe jingi mno kwa kiasi hicho. Ukipuliza hata robo saa, weupe hautaisha. Ukiwa huna maji ya soda, changanya sehemu 1 ya maji ya chokaa na sehemu 9 za maji ya kawaida kabla ya kupuliza. Sababu nyingine ya kushindwa ni soda iliyoishiwa gesi, au weupe ulioachwa kwa saa kadhaa hadi ukawa chembe ngumu.

Mlimani, kazi ya soda hufanywa na udongo. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 0.04 ya hewa ya ukaa, lakini kwenye udongo wenye mizizi na vijidudu inaweza kufika asilimia 1 au zaidi. Mvua inayopita hapo hupata makali na kuingia kwenye nyufa zisizofika milimita 1. Mwanzoni upanuzi ni wa polepole mno. Ufa ukishafika takriban sentimita 1, maji hupita kwa kasi na ufa hupanuka upesi zaidi, huku ule wa jirani ukikosa maji na kubaki mwembamba. Ndiyo maana unakuta njia chache kubwa badala ya mwamba uliotoboka sawasawa kila mahali. Sehemu kubwa ya uchimbaji huo hufanyika njia zikiwa zimejaa maji. Usawa wa maji ya ardhini ukishuka, hewa huingia, na hapo ndipo mapambo yanaanza.

Kulirudisha jiwe

Gawa maji yako angavu mara mbili. Nusu ya kwanza ichemshe kwenye sufuria ndogo: itapata ukungu na kuacha ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika. Nusu ya pili imimine kwenye sahani pana, uiache siku 1 au 2 bila kuitikisa. Itazame kwa upande, mwanga ukiwa nyuma yake. Utaona magamba membamba yakielea. Ukiyagusa kwa ncha ya sindano, huvunjika na kuzama. Magamba ya namna hiyo huelea pia kwenye madimbwi tulivu ya mapangoni.

Tone linaloning'inia kwenye dari la pango hufanya hivyohivyo. Limetoka kwenye udongo wenye gesi nyingi, likafika kwenye hewa yenye gesi kidogo. Gesi ikitoka, pete nyembamba ya jiwe hubaki kuzunguka tone; pete juu ya pete hutoa mrija mtupu wenye upana wa takriban milimita 5. Mrija ukiziba, maji hupita nje na kuunda stalaktiti nene. Tone linaloanguka humalizia kutoa gesi sakafuni na kujenga stalagmiti, ambayo kwa kawaida huwa butu, maana tone hutawanyika linapotua. Ukuaji wa milimita 0.1 kwa mwaka ni wa kawaida, na mafuta ya kidole yanaweza kuharibu namna maji yanavyoshika juu ya jiwe. Kwa hiyo ukiingia pangoni, tazama kwa taa, usishike.

Maelezo haya hayafai kwa kila pango. Carlsbad, huko New Mexico nchini Marekani, lilichimbwa hasa na asidi ya salfa iliyotokana na gesi iliyopanda kutoka chini. Kwa pango la aina hiyo, glasi yako inaeleza mapambo tu.