Chupa tano za E. coli: kupima jinsi bakteria wanavyowasha jeni za kula laktosi

Escherichia coli hutengeneza kimeng'enya kidogo sana cha kukata laktosi kama laktosi haipo. Jeni zinazohusika zimejipanga pamoja kwenye DNA: lacZ hutoa beta-galaktosidezi, inayokata sukari hiyo ya maziwa kuwa glukosi na galaktosi, lacY hutoa protini ya kwenye utando inayoiingiza ndani ya seli, lacA ipo pia, ila leo hatuihitaji. Kundi hilo ndilo operoni ya lac, na waliolieleza mwaka 1961 ni François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur, Paris.

Udhibiti wake una sehemu mbili. Protini ya kuzuia, inayotoka jeni lacI, hukalia DNA mwanzoni mwa operoni na jeni hazisomwi. Laktosi ikiingia, kiasi kidogo hugeuzwa kuwa alolaktosi, nayo huinasa protini hiyo mpaka iachie DNA. Sehemu ya pili ni glukosi: ikiwepo, operoni haifanyi kazi kwa nguvu hata kama laktosi imejaa. Vitabu vingi hueleza hili kwa cAMP, molekuli ndogo ya ishara ndani ya seli, peke yake: glukosi ikipungua, cAMP hupanda, hujiunga na protini CAP na kusukuma usomaji wa jeni. Ni kweli, lakini si kisa chote. Ndiyo maana zoezi hili lina chupa ya tano.

Hatua ya 1: Hakikisha una bakteria sahihi

Tumia MG1655 au aina nyingine ya K-12 (ukoo wa E. coli wa maabara) yenye operoni nzima. Usichukue DH5α, ambayo imejaa kwenye friza za maabara za molekuli: jeni zake za lac zimeondolewa, utapima mpaka usiku na rangi hutaiona. Kama una shaka, mchore kwenye agari ya MacConkey. Koloni zinazokula laktosi hutoka nyekundu au waridi. Kwa njia hiyohiyo maabara za hospitali hutenganisha E. coli na Salmonella au Shigella, ambazo kwa kawaida koloni zake hubaki bila rangi.

Hatua ya 2: Otesha kwenye gliseroli

Otesha usiku kucha kwenye M9 (mchuzi wa chumvi tu) yenye gliseroli 0.4%. Usitumie LB, mchuzi wa kawaida wa maabara, kwa sababu ina mchanganyiko wa vyakula na baadaye hutajua kipi kimeleta matokeo gani. Gliseroli huwapa bakteria kaboni bila kuzibana jeni za lac kama glukosi inavyofanya. Asubuhi zimua hadi A600 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa mwanga wa nanomita 600) ya 0.05, tikisa kwa nyuzi 37, subiri ifike 0.2. Ukuaji kwenye gliseroli ni wa polepole; usiogope.

Hatua ya 3: Gawanya chupa tano

1. Gliseroli tu
2. Laktosi 0.2%
3. IPTG milimola 1 kwa lita
4. Glukosi 0.4% na laktosi 0.2%
5. Glukosi 0.4% na IPTG milimola 1 kwa lita

IPTG huiondoa protini ya kuzuia kama alolaktosi, ila bakteria hawawezi kuila. Tena, haihitaji protini ya lacY ili iingie ndani. Tutairudia sifa hii.

Rudisha chupa kwenye inkubeta kwa saa moja na nusu, kisha zote ziingie barafuni kwa wakati mmoja. Barafu iwe tayari tangu mwanzo. Mahali umeme unapokatika ovyo hili ni muhimu zaidi: chupa zote zikisimamishwa pamoja, bado unaweza kuzilinganisha. Ila usiache chupa ya 4 hadi kesho. Glukosi itaisha, bakteria watahamia laktosi, na utapata jibu tofauti kabisa. Monod aliliona jambo hilo mapema miaka ya 1940: mchoro wa ukuaji hupanda, husimama kidogo, kisha hupanda tena.

Hatua ya 4: Fungua seli, tafuta njano

Soma A600 ya kila chupa. Kisha weka kwenye mrija 0.1 ml ya bakteria na 0.9 ml ya bafa Z (fosfeti pH 7.0, KCl, MgSO4, beta-merkaptoethanoli). Kwa chupa ya 1 na ya 4 tumia 0.5 ml kwa 0.5 ml, maana kimeng'enya ni kidogo. Ongeza matone mawili ya klorofomu na tone moja la SDS (sabuni) 0.1%, tikisa kwa sekunde kumi hivi. Utando utatoboka na ONPG, kemikali ambayo kimeng'enya chetu kitaikata, itaweza kuingia. Fanya haya chini ya chemba ya kuvuta hewa. Merkaptoethanoli inanuka mayai viza na klorofomu si ya kuvuta.

Mirija ikae kwenye maji ya nyuzi 28 kwa dakika tano. Ongeza 0.2 ml ya ONPG (4 mg kwa ml) na uanze saa. ONPG haina rangi. Beta-galaktosidezi ikiikata, hutoka njano. Njano ikionekana vizuri, simamisha kwa 0.5 ml ya sodiamu kaboneti mola 1 kwa lita na uandike dakika. Ukingoja njano iive kama manjano ya pilau umechelewa: spektrofotomita haisomi vizuri rangi nzito. Lenga A420 (kipimo cha njano kwa mwanga wa nanomita 420) kati ya 0.6 na 0.9.

Mabaki yenye klorofomu yaende kwenye chombo cha taka za kemikali. Usiyaweke kwenye otoklevu kamwe.

Hatua ya 5: Hesabu

Soma A420 na A550, klorofomu ikiwa imetulia chini. A550 hupima ukungu wa mabaki ya seli, ili uupunguze kwenye njano. Kisha hesabu nguvu ya kimeng'enya kwa uniti za Miller:

Uniti za Miller = 1000 × (A420 − 1.75 × A550) ÷ (dakika × ml za bakteria × A600)

Tuseme A420 ni 0.60, A550 ni 0.02, dakika 10, 0.1 ml, A600 ni 0.5. Juu unapata 565, chini 0.5, jibu ni 1130.

Hatua ya 6: Soma chupa zako

Chupa ya 1 iwe chini sana, uniti chache tu. Isiwe sifuri kamili: hicho kidogo kinachovuja ndicho kinachoingiza laktosi ya kwanza na kuigeuza kuwa alolaktosi. Chupa ya 3 itapanda sana, na ya 2 huwa juu pia. Chupa ya 4 inabaki chini.

Sasa linganisha ya 4 na ya 5. Zote zina glukosi, kwa hiyo kama cAMP ingekuwa sababu pekee, zote zingelala. Ya 5 itakuwa chini ya 3 lakini mbali juu ya 4. Tofauti ni mlango. Glukosi inapoingia kwenye seli, protini ya mfumo wake wa usafirishaji iitwayo EIIA hujishikiza kwenye protini ya lacY na kuifunga. Laktosi inabaki nje. IPTG haipiti hapo, hivyo haizuiwi. Kile kinachobaki, yaani pengo kati ya 3 na 5, ndiyo sehemu ya cAMP. Kwa maoni yangu, anayefundisha operoni bila chupa ya 5 anafundisha nusu.

Kama chupa ya 1 imetoka njano kali

Kuna mawili: IPTG imedondokea humo, au bakteria wako wana lacI iliyoharibika. Bakteria wa namna hiyo si hasara. Arthur Pardee, Jacob na Monod walichapisha mwaka 1959 jaribio lililowapelekea bakteria wasio na lacI wala lacZ nzima nakala nzima za jeni hizo: kimeng'enya kilianza kutengenezwa papo hapo bila kichocheo, kisha kikakoma kadiri protini ya kuzuia ilivyojikusanya. Ndipo ikaonekana kwamba lacI hutoa kitu kinachosambaa ndani ya seli.

Kujua lako ni lipi, anza na koloni mpya kutoka friza na urudie chupa ya 1 na ya 3 tu. Zikitoa namba zinazokaribiana, umepata lacI iliyoharibika. Mwandikie lebo, mrudishe friza, na mtumie kama kidhibiti cha zoezi lijalo.