Ukikubali pati ya mahafali ifanyike nyumbani kwako

Nakodisha maturubai, viti na spika hapa Tabata. Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ukifika, simu nyingi ninazopokea ni za wazazi wanaotaka "kapati kadogo tu ka watoto". Kesho yake asubuhi ndiye mimi ninayekuja kukusanya viti, kwa hiyo vichupa vya pombe vilivyofichwa kwenye michongoma na nyuma ya simtanki huwa naviona kabla mwenye nyumba hajaamka.

Ushauri wangu wa kwanza ni saa. Ianze saa 8 mchana, muziki uzimwe saa 12 na nusu jioni. Watoto watanuna, watakwambia pati gani ya mchana. Waache wanune. Giza likishaingia huwezi kujua nani yuko kona ipi, na vijana wa mtaani ambao hakuna aliyewaalika ndipo wanapoanza kujaa.

Getini weka mtu mzima anayeheshimika, mjomba au shangazi asiyeona haya kumrudisha mtu. Dada wa kazi usimweke, watamzidi maneno. Awe na orodha ya majina, na mabegi yote yabaki kwake. Akague sana chupa za maji. Konyagi haina rangi, ukiimimina kwenye chupa ya maji huijui mpaka unuse. Kwangu mimi chupa iliyokwisha kufunguliwa haipiti: iachwe getini, mtoto apewe nyingine yenye lakiri. Makopo ya enaji nayo yabaki nje. Wanachanganyia pombe kali, na kwa vile enaji inaondoa usingizi, mtoto anajiona yuko sawa kumbe ameshalewa.

Na usiidharau ile chupa ndogo inayoingia mfukoni. Mililita 200 za kinywaji cha asilimia 35 zinakaribia bia 3 za mililita 500, na mtoto wa miaka 16 anaweza kuimaliza wakati wimbo mmoja unapigwa.

Kuna wazazi, hasa akina baba, huniambia: "Bora wanywe mbele yangu, nitawaona." Mwanao ni wako, lakini wale wengine 30 je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kidato cha nne wengi wako hapo. Mama aliyemruhusu binti yake aje kwako hakukuruhusu umnyweshe. Kwa hiyo kreti isiwepo kabisa, hata ya wajomba. Bia zilizo kwenye friji zihamishie chumbani, funga, ufunguo kaa nao.

Chakula kitoke mapema. Pilau ikiliwa saa 9, hata aliyeonja kitu kabla ya kuja, pombe itaingia kwenye damu taratibu kidogo. Haizuii kulewa, ila anayekunywa tumbo tupu ndiye anayeanguka wa kwanza.

Kurudi nyumbani mkubaliane wazazi mapema, kwenye grupu la WhatsApp la darasa: nani anamfuata nani, saa ngapi. Bodaboda hapana. Na mwanao, akienda pati za wenzake, mwambie hivi: "Ukiona mambo yameharibika nipigie, nakuja saa yoyote, maneno kesho." Halafu akipiga, kweli maneno yawe kesho. Ukimfokea ndani ya gari usiku ule, hatakupigia tena.

Sasa, umefanya yote na bado mmoja kalewa. Kahawa, maziwa, ndimu, kumwagia maji, havitoi pombe mwilini. Ini linaitoa lenyewe kwa saa kadhaa. Usimtapishe. Usimpe panadol. Usimfungie chumbani "alale itaisha", maana pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, mdomo uelekee chini ili akitapika asipaliwe, na mtu mzima akae naye pale pale.

Mfinye. Asipoamka, au akitapika huku hajitambui, au akapumua kwa kukatakata, au mwili ukawa wa baridi na midomo ikabadilika rangi, hiyo ni hospitali, sasa hivi. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu lazima pawe na gari moja la akiba na dereva ambaye hajaonja kitu, kwa sababu ambulensi huku kwetu unaweza kuisubiri sana. Ndani ya gari aendelee kulala ubavu. Beba chupa aliyokunywa, na muuguzi umwambie ukweli, hata kama ni gongo. Mzazi wake mpigie mkiwa njiani.